Mhitimu mpya na michungwa ya mkulima

Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita Handeni na Korogwe kabla ya kufika Chongoleani, Tanga. Miradi ya aina hii huajiri kampuni za ushauri elekezi, na mara nyingi aliyemaliza chuo juzi ndiye anayesimama shambani, dodoso mkononi, akihesabu michungwa itakayolipiwa fidia. Mti usioandikwa haulipiwi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka, na ukamilifu huo unaanzia kwenye karatasi ya mhitimu huyo. Wapo wanaosema mgeni wa kazi atosheke na uzoefu. Uzoefu ni mali, kweli, lakini haulipi nauli ya kurudi kijijini kuhakiki hesabu. Waajiri, mpeni mkataba, posho na msimamizi wa kuwa naye shambani.