Mwingiliano wa Ishara na Usuli: Istilahi na Fikra katika Fizikia ya Chembe

Istilahi haipimwi kwa ufupi wake tu, bali pia kwa dhana inayoijenga akilini mwa msomaji. Mfano mzuri umo katika utafutaji wa chembe katika mtambo wa CERN wenye mzingo wa kilomita 27, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambamo protoni hugonganishwa. Matukio yanayotokana na chembe inayotafutwa ni ishara. Yale yanayotokana na michakato mingine lakini yenye sura ileile ni usuli.

Kazi hiyo huweza kufananishwa na kupepeta: pumba zipeperuke, mchele ubaki. Tamathali hiyo inatosha pale ambapo makundi hayo mawili huhesabiwa mbalimbali. Lakini njia mbili zikianza na chembe zilezile na kuishia katika hali ileile, kanuni za kwanta hudai amplitudi zijumlishwe kwanza, ndipo jumla ipandishwe kipeo cha pili. Amplitudi ya ishara ikiwa 3 na ya usuli 4, kila moja peke yake hutoa 9 na 16, jumla 25. Zikielekea upande mmoja hutoa 49. Zikipingana hutoa 1. Tofauti hiyo haimo katika ishara wala katika usuli. Imo katika kukutana kwao.

Hilo si jambo la karatasini tu. Chembe ya Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, ina masi ya takribani gigaelektronivolti 125. Gluoni mbili huweza kuzaa jozi ya bosoni za Z kwa kupitia Higgs au bila kuipitia, na katika nishati kubwa njia hizo hupunguzana. Mwaka 2014 watafiti wa CMS walipotumia eneo hilo kuwekea mpaka upana wa Higgs, ilibidi upunguzano huo uingizwe katika hesabu.

Kwa hiyo, kuuita usuli “kelele” au “pumba” ni kumfundisha mwanafunzi kutoa pale anapopaswa kujumlisha. Neno “mwingiliano” lina uadilifu zaidi: kutoka ingia hadi ingilia, kisha ingiliana, kiambishi -an- hutangaza kwamba hakuna upande uliobaki kama ulivyokuwa. Kasoro yake ni kwamba hutumika pia kwa chembe zinazoathiriana kwa nguvu. “Mwingiliano wa amplitudi” ungeondoa utata huo, na lugha ingeibeba hoja bila kuipotosha.