Maneno Mawili ya Kiingereza

Ndugu wanachama wa Changamwe na Likoni,

Kiingereza cha salamu twakijua. Kinachotufunga ni kile cha barua za ofisini. Ndiyo maana tumetazama, daftari mkononi, mchezo wa televisheni ya Uingereza wa mwaka 2024, "Mr Bates vs The Post Office". Kati ya 1999 na 2015 kompyuta yenye kasoro ilionyesha upungufu wa fedha usiokuwako, na wasimamizi wa posta zaidi ya 900 wakatiwa hatiani.

Humo tumeokota "shortfall", yaani hesabu imepungua. Si wizi, ndugu! Tena "liable", yaani kulipa ni juu yako. Makarani wa stoo, mkiyaona maneno hayo mawili katika barua moja, msitie sahihi. Ileteni kwanza kwa katibu wa tawi. Jumamosi tutashika "audit".