Kodi ya Nyumba na Mazungumzo: Ushauri Nasaha Kibera na Kawangware

Ipo kauli inayorudiwa katika vikao vya mipango, na wanaoitoa ni watu wenye nia njema. Husema kuwa mkazi wa mtaa wa mabanda wa Nairobi, kama Kibera au Kawangware, hana haja ya mshauri nasaha. Haja yake ni kibarua, maji na kodi ya mwezi. Apewe hivyo, moyo utatulia wenyewe. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 mnaifahamu, na ripoti ya jopokazi la afya ya akili ya 2020 mmeisoma, sitarudi huko. Jioni hii nina kazi na kauli hiyo moja, kwa sababu ndiyo inayogawa bajeti.

Nitaikabili pale ilipo na nguvu zaidi. Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro walichapisha mwaka 2020 matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 5,700 mashambani nchini Kenya. Baadhi walipewa fedha taslimu, wengine wiki tano za ushauri uliobuniwa na Shirika la Afya Duniani, wengine vyote viwili. Baada ya mwaka mmoja, waliopata fedha walikuwa na hali bora mfukoni na moyoni. Ushauri peke yake haukuonyesha badiliko lililopimika. Ningeweza kujitetea kwamba mashamba si Kawangware. Siutaki utetezi huo. Utafiti ni mzuri, na unathibitisha kwamba fedha hupunguza dhiki ya moyo. Ila kauli ninayoipinga inadai zaidi ya hapo: kwamba pasipo fedha, mazungumzo hayafui dafu. Dai la namna hiyo huanguka tukipata mahali pamoja tu ambapo umaskini ulibaki palepale na dhiki ikapungua.

Mahali hapo pako Nairobi. Mwaka 2017 Richard Bryant na wenzake walieleza jaribio la wanawake zaidi ya 400 wa pembezoni mwa jiji, waliowahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia. Ushauri ulikuwa uleule wa Shirika la Afya Duniani, vikao vitano, na waliouendesha ni wahudumu wa afya ya jamii ambao kabla ya hapo hawakuwa na mafunzo yoyote ya afya ya akili. Miezi mitatu baadaye, dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao waliohudumiwa na wauguzi kwa njia ya kawaida. Hakuna aliyelipiwa kodi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ulitoka darasani Kibera. Tom Osborn, Katherine Venturo-Conerly na wenzao walianza na wanafunzi 51 wa shule moja ya sekondari, wenye dalili za sonona au wasiwasi. Waliouongoza mpango wao, uitwao Shamiri, walikuwa vijana waliotoka kumaliza sekondari wenyewe. Kwa vikao vinne vya saa moja, vikundi vilizungumza na kuandika kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, kuhusu shukrani na kuhusu mambo wanayoyathamini. Ugonjwa wa akili haukutajwa, na hivyo hakuna mtoto aliyetoka na jina la kuchekwa uwanjani. Tazameni sasa ulinganisho wao. Kundi la pili halikuachwa mikono mitupu: lilifundishwa stadi za kusoma, kwa muda uleule, na vijana wa aina ileile. Anayesema watoto walifarijiwa na kupata mtu wa kukaa nao tu, amejibiwa. Dalili zilipungua zaidi kwa kundi la Shamiri, na alama za masomo nazo zikapanda. Jaribio kubwa zaidi la mpango uleule, la wanafunzi 413, lilichapishwa mwaka 2021. Nafuu ya kundi la Shamiri ilikuwa bado inaonekana miezi saba baadaye.

Mtaniuliza: mtoto huyo si anarudi jioni kwenye chumba kilekile cha mabati, wazazi wakigombana nyuma ya pazia? Naam, na ndiyo sababu ya kuingiza familia. Huko Eldoret, mpango wa Tuko Pamoja wa Eve Puffer na wenzake uliwafundisha ushauri wa familia watu ambao majirani walikuwa tayari wakiwaendea kwa ushauri. Familia zilizochunguzwa mwanzoni zilikuwa chache, basi sitayatwika matokeo yale mzigo mkubwa. Mwelekeo wake naukubali. Lakini kuwaita jamaa wote wa nyumba pamoja si kanuni ya kufuatwa kila mahali. Mke anayepigwa, akisema kweli mbele ya mumewe, huenda akailipia usiku, na ukuta wa mabati hauzuii sikio la jirani. Huyo aonwe peke yake, tena mbali na ploti. Washauri wenye leseni nao wanahofia kazi ya ushauri kuachiwa wasio wataalamu, kama hawa niliowataja. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni usimamizi wa karibu wa mtaalamu.

Tangu 2023 serikali imewapa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari. Naomba wafundishwe pia swali la kuuliza kabla ya kuamua nani aketi na nani kikaoni: katika nyumba hii, nani anamwogopa nani?