MAJI YA KISIMA NA MAJI YA BUSTANI: UTALII NA HAKI KATIKA KISIWA CHA UNGUJA

(Mada iliyotolewa kwa wanakamati wa Haki na Amani wa parokia)



Waheshimiwa mapadre na masista, makatekista, ndugu wanakamati: mmeniomba nizungumze juu ya utalii na utunzaji wa mazingira. Mada hii ni pana mno kwa alasiri moja. Ningeweza kusema juu ya matumbawe, kasa, takataka za ufukoni au mchanga unaochimbwa kwa ajili ya ujenzi. Nimeona heri nichague jambo moja, nalo ni maji. Kwa maana katika kisiwa kidogo mengine yaweza kungoja, bali kiu haingoji.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tunasoma habari za Isaka huko Gerari. Wafilisti walikuwa wamevifukia visima vya baba yake. Watumishi wake wakachimba kisima kipya, wachungaji wa Gerari wakadai kwamba maji ni yao; wakachimba cha pili, ugomvi ukazuka tena. Isaka hakupigana. Alihama, na kisima cha tatu hakikugombewa, naye akakiita Rehobothi, maana yake nafasi. Nimesikia mahubiri mengi yakimsifu Isaka kwa upole wake, wala sipingi. Ila Isaka alikuwa na nchi ya kuhamia. Mtu wa Jambiani akikiacha kisima chake, mbele yake ni bahari.

Naomba tuelewe kwanza maji yenyewe yanakaaje. Sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja ni maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe ya kale, yenye udongo haba na isiyo na mito. Mvua ya masika na ya vuli huzama upesi katika nyufa za mawe hayo na kukusanyika chini. Huko chini maji ya mvua, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba. Kisima cha kijiji huchota katika tabaka hilo jembamba. Wataalamu wametambua tangu karne ya 19 kwamba usawa wa maji baridi ukishuka mita 1 kwa kuvutwa kupita kiasi, maji ya chumvi yaliyo chini yake huweza kupanda kama mita 40. Ndiyo sababu kisima huweza kujaa maji nacho kimekufa: mwenye kuonja hutema. Na pampu iliyokiua yaweza kuwa ya jirani, nyuma ya ukuta, wala si ya wanakijiji.

Nyufa hizo hizo hazichagui cha kupitisha. Makaro yakijengwa vibaya, uchafu wake hufuata njia ya mvua, ukaingia katika maji ya kunywa au ukatokea baharini, huko ambako akina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakilima mwani tangu mwaka 1989.

Sasa tazameni hesabu. Mwaka 1985 Zanzibar ilipokea wageni wasiofika 20,000. Mwaka 2023 walizidi 600,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wenyeji 1,889,773 katika visiwa vyote. Mtafiti Stefan Gössling, katika uchunguzi wake wa pwani ya mashariki uliochapishwa mwaka 2001, alikadiria kwamba mtalii mmoja hutumia wastani wa lita 685 kwa siku. Lakini wastani huo unaficha jambo: katika nyumba ndogo za wageni ilikuwa lita 248, na katika hoteli lita 931. Mgeni hanywi wala haogi lita 931. Sehemu kubwa ya maji ya hoteli ilikwenda kwenye bustani, ili majani ya kigeni yamee juu ya mawe ambayo Mungu hakuyapangia majani hayo.

Muumini mmoja wa kigango, mtunza bustani hotelini, aliniambia kwamba humwagilia asubuhi na jioni, kiangazi na masika. Nyumbani mkewe hununua maji kwa dumu. Nilimwuliza kama amepata kulisema jambo hilo kazini. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto, akasema, “Baba, mimi nina watoto watatu shuleni.”

Ndugu zangu, hapo ndipo penye ugumu, nami sitaki tupite haraka. Wengi katika makanisa yetu ya Unguja ni watu wa kuja. Tumevuka bahari kutoka Bara kutafuta riziki, na hoteli ndizo zinazotulisha: ni wapishi, walinzi, madereva, wahudumu. Kisima kinachoharibika mara nyingi ni cha jirani yetu Mwislamu ambaye babu yake alikichimba. Basi tukisema juu ya haki ya maji, twasema juu ya mkate wetu wenyewe. Yuko atakayesema kwamba afadhali Kanisa linyamaze. Mimi naona kwamba tukinyamaza kwa sababu ya mishahara yetu, tumekwisha chagua upande katika ugomvi wa Gerari.

Wala sisemi watalii wafukuzwe. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia safari, tuliona jinsi jiko linavyopoa. Nasema kwamba hoteli yaweza kujengwa kwa namna nyingine, na mfano hauko mbali. Kisiwa cha Chumbe, kusini ya Mji, kilitangazwa na Serikali kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994. Hapo pana nyumba 7 tu za wageni. Mapaa yake mapana hukinga mvua na kuiteremsha katika birika zilizo chini ya sakafu. Vyoo vyake ni vya mboji, havitumii maji. Maji ya kuogea huchujwa katika kitalu cha mimea. Umeme ni wa jua. Waliokuwa wavuvi walifunzwa kuwa walinzi wa matumbawe, na watoto wa shule hupelekwa kuyaona. Kweli, nyumba 7 haziwezi kuajiri vijana wote wa Nungwi, wala mgeni wa kawaida hamudu bei yake. Lakini paa la kukinga mvua si siri ya Chumbe, na bustani ya mimea ya maweni haihitaji mpira wa maji.

Wengine husema dawa ni mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Inasaidia, nayo inatumika. Ila mitambo hiyo hula umeme mwingi, na umeme wa Unguja huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Wenye umri wanakumbuka: waya ulipoharibika mwezi Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani kama miezi mitatu. Tena maji mazito ya chumvi yanayobaki lazima yamwagwe mahali, na mahali penyewe ni baharini, penye mwani.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si’ wa mwaka 2015, aliyahesabu maji safi ya kunywa kuwa haki ya msingi ya kila mtu, iliyo sharti la haki nyingine. Jirani zetu Waislamu nao hufundishwa kwamba maji ni jambo la shirika, na mwenye kiu hazuiliwi. Kwa hiyo tukienda kuzungumza, hatuendi na dini mbili zinazogombana. Twende pamoja na sheha na wazee wa msikiti, na wao watangulie, maana visima ni vyao.

Kabla ya masika ijayo, naomba kila jumuiya ndogo ndogo iandike mambo matatu: akina mama hutembea mwendo gani kufuata maji, dumu moja huuzwa kwa bei gani, na kisima hugeuka chumvi mwezi upi. Mtu yeyote asiombwe kutoa habari za ndani ya hoteli anayofanyia kazi. Tusimponze ndugu yetu kwa ajili ya daftari. Daftari hizo tutazifungua mbele ya sheha kwanza, kisha tutaomba mkutano na wenye hoteli.

Sasa naomba maswali. Tuanze na wale wanaokwenda zamu ya usiku, wasichelewe gari.