Mbwa, Paa na Kamba



Huko maweni, Micheweni, mjomba wangu alimpiga paa mkuki, paa akaponyoka. Mjomba akakataa kumfukuza papo hapo: akifukuzwa huenda mbali, akiachwa hulala. Tukangoja. Kisha akamfunga mbwa kamba, akamnusisha damu iliyokuwa juu ya jani, akanikabidhi. Mbwa akafuata taratibu. Tulipokaribia akavuta, nami kwa pupa ya utoto nikaiachia kamba. Tulimkuta paa amekwisha kufa, paja limeliwa.

Mjomba hakunigombeza. Alinikumbusha tu Mtume alivyomfundisha Adiy bin Hatim: mbwa akila, amejiwindia mwenyewe. Nyama tukaiacha palepale. Usiku ule tulikula muhogo kwa chumvi, watu saba.