Dau la Abidjan: Ghana na Kodivaa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa ushirika wa wakulima wa kahawa)



Mmenitaka niseme habari za Ghana na Kodivaa, nchi mbili jirani za Afrika ya Magharibi. Zote mbili ni nchi za kakao, na Waakan wako pande zote mbili za mpaka. Nimekubali kwa furaha, maana sisi wa kahawa tunayo ya kujifunza humo.

Mwezi wa Aprili 1957, Ghana ikiwa na mwezi mmoja tu wa uhuru, Dr. Kwame Nkrumah alikwenda Abidjan kumzuru Bwana Félix Houphouët-Boigny. Huko wakawekeana dau: baada ya miaka kumi itazamwe nchi ya nani imekwenda mbele. Nkrumah alitaka uhuru kamili, viwanda na umoja wa Afrika. Houphouët, ambaye mwenyewe alikuwa mwenye mashamba, alitaka kwenda polepole pamoja na Wafaransa, akitegemea kilimo.

Muda ulipotimia, 1967, Nkrumah alikuwa mgeni katika nchi ya Guinea. Jeshi lilikuwa limempindua tarehe 24 Februari 1966. Uchumi wa Kodivaa nao ulikuwa ukikua kwa kadiri ya asilimia 7 kila mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaipita Ghana kwa kakao. Wengi wakasema mchezo umekwisha.

Mimi sikubali upesi hivyo. Natazama kwanza mfuko wa mkulima.

Mwaka 1954, kabla ya uhuru, serikali ya Nkrumah ilifunga bei ya mkulima kwa shilingi 72 kila mzigo wa ratili 60. Pigeni hesabu, ndugu zangu: ni kama paundi 134 kwa tani. Mwaka huo huo tani moja London ilipita paundi 400! Tofauti ilibaki mikononi mwa Bodi na Serikali. Kweli, fedha ya kakao haikupotea yote. Shule za msingi zilifanywa za bure mwaka 1961, na bwawa la Akosombo linatoa umeme hata leo. Siwezi kumcheka mtu aliyejenga hayo. Lakini mkulima anayekatwa mno huchoka. Miti ikazeeka bila kupandwa mingine, na wa mpakani wakavusha magunia kwa magendo hadi Kodivaa. Mwaka 1965 bei ya dunia ikaanguka chini ya paundi 100, na akiba ilikuwa imekwisha. Zao lililopita tani 500,000 msimu wa 1964-65 lilibaki kama tani 160,000 msimu wa 1983-84, ukame na moto vikiwa vimemalizia kazi.

Je, Kodivaa ilipona? Hasha. Huko nako mfuko wa Serikali ulichukua tofauti ile ile, na kukua kwenyewe kulitokana na kufyeka misitu kwa mikono ya watu wa Volta ya Juu, yaani Burkina Faso, na wa Mali. Msitu una mwisho. Mwaka 1987 Serikali ilitangaza kuwa haiwezi kulipa madeni. Mwaka 1989 bei ya mkulima ikakatwa nusu, kutoka faranga 400 hadi 200 kwa kilo. Na mwaka uliofuata likawekwa wakfu kanisa kubwa mno la Yamoussoukro. Houphouët alifariki 1993. Vita vya 2002 vilipokuja, ugomvi wa ardhi baina ya wenyeji na wale wageni waliokaribishwa kulima ulikuwa ndani yake.

Basi, katika wawili hao, nani aliyeipanga bei ya kakao? Hakuna. Ilipangwa London na New York, ingawa jirani hawa wawili pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Ilipofika 2019 ndipo serikali zao zilipokaa meza moja na kuwataka wanunuzi waongeze dola 400 kwa kila tani, kwa ajili ya mkulima.

Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Mkulima wa Ghana na wa Kodivaa hakuiona bei hiyo, kwa sababu kakao yake ilikwisha kuuzwa mapema na wakubwa wake, kwa bei ya zamani.