BEI NI MWANZO TU: MAZUNGUMZO YA SIKU YA KUTIMIZA MIAKA KUMI

(Yalisomwa kwa niaba ya wanachama, Lizaboni, Songea)



Tulianza na sanduku la mbao lenye kufuli tatu, na leo wapo kati yetu waliojenga kwa mikopo ya sanduku hilo. Kamati imetuagiza tuzungumzie gharama za kununua kiwanja au nyumba, hapa kwetu na huko nje wanakoishi watoto wetu. Tutasema tuliyojifunza, pamoja na yaliyotuumiza.

Wengi mnakumbuka. Mwenzetu mmoja, muuza ndizi, alikopa kikundini akanunua kiwanja kwa shilingi 6,000,000. Tulimpigia vigelegele. Kumbe karatasi aliyoweka sahihi ilisema "gharama zote ni za mnunuzi". Ukaja ushuru wa stempu, asilimia 1, yaani shilingi 60,000. Ikaja kodi ya faida ya mauzo. Hiyo kwa haki ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida, au asilimia 3 ya bei kama hana kumbukumbu za alivyonunua. Muuzaji hakuwa na karatasi hata moja, kwa hiyo ikawa shilingi 180,000, na mama akabebeshwa. Bado wakili, mthamini, ada ya usajili na nauli za kwenda na kurudi. Jumla ikapita shilingi 600,000.

Ilikuwa Novemba, jamani. Mvua inakaribia, kila mmoja anasubiri mgao anunue mbolea ya mahindi, na mwenzetu anaomba mkopo wa pili asipoteze kiwanja. Kikao kile kilikuwa kirefu kuliko vyote. Wapo waliosema, "Mahindi yangu hayangoji hati ya mtu." Hawakukosea. Wapo waliosema, "Leo yeye, kesho mimi." Nao hawakukosea. Mwishowe tulimkopesha, na mgao ukapungua. Wanachama wawili waliondoka kwa hasira. Mmoja amerudi, na leo ameketi nasi hapa. Wa pili bado tunamngoja. Hati ya mwenzetu ilitoka, na deni amelimaliza.

Tangu siku ile tuna kanuni: mwanachama haombi mkopo wa kiwanja kwa bei peke yake. Analeta orodha ya gharama zote, na nani atalipa ipi, kabla ya kutoa hata senti. Aandike pia zile zisizokwisha: kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na kodi ya jengo ambayo kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi ndani ya LUKU. Na kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenzake iwe kwa maandishi.

Sasa tuje kwa wageni. Mdogo wake mwanachama mmoja anaishi Ulaya na alikwisha chukua uraia wa huko. Akatuma fedha anunuliwe kiwanja kwa jina lake. Tulimzuia dada yake kwanza. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, hata kama kitovu chake kimezikwa Songea. Mwaka 2025 sheria zilirekebishwa kuleta hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania. Kwa hiyo aulize Uhamiaji na Ardhi kwanza, ndipo atume fedha. Kuandika jina la dada "kwa muda" ni hatari: kisheria kiwanja kinakuwa cha dada, na ndugu wengi wamefarakana kwa njia hiyo.

Na watoto wetu wakinunua nje, wao ndio wageni. Jirani zetu Msumbiji, ardhi ni mali ya dola na haiuzwi. Kenya, Katiba ya 2010 inampa mgeni upangaji usiozidi miaka 99, na ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 vijijini. Dubai, ada ya kuhamisha umiliki ni asilimia 4 ya bei. Uingereza, tangu Aprili 2021 mnunuzi asiye mkaazi huongezewa asilimia 2 juu ya kodi ya kawaida ya ununuzi. Kwa nyumba ya pauni 200,000, nyongeza hiyo peke yake ni pauni 4,000. Mtoto akikupigia simu kwa furaha kwamba amepata nyumba, mpongeze, halafu mwulize: "Mwanangu, na juu ya bei kuna nini?"

Akina mama, kuuliza si ujinga. Ofisi ya ardhi ya Manispaa na ya kodi zipo hapa hapa mjini. Twendeni wawili wawili, tubebe kalamu, tudai risiti.

Tunamshukuru mwenzetu aliyeturuhusu kusimulia habari zake mbele yenu. Na yule tunayemngoja, kama maneno haya yatamfikia, ajue kiti chake kipo.